Maswali Yenu: Ulimwengu na Jua Havikuzaliwa Siku Moja

Maswali ya safari hii ni mengi, na karibu nusu yake yana kosa lile lile: kuchanganya kuanza kwa ulimwengu, yaani Mlipuko Mkuu, na kuzaliwa kwa jua na sayari zake. Kati ya matukio hayo mawili ilipita miaka bilioni 9 na ushee. Asiyelishika hilo atapotea katika kila jibu linalofuata, kwa hiyo naanza nalo.

Swali: Mara tunaambiwa miaka bilioni 13.8, mara bilioni 4.5. Tushike ipi?

Zote mbili. Ya kwanza ni umri wa ulimwengu, ya pili ni umri wa dunia na majirani zake. Nimeshalijibu swali hili mara kadhaa na bado linaletwa kana kwamba kuna mtu amekamatwa akisema uongo. Tafadhali, someni sentensi nzima kabla ya kunukuu tarakimu.

Pengo hilo lenyewe lina maana. Dakika chache za mwanzo zilitoa hidrojeni na heliamu, takriban robo tatu kwa robo kwa uzito, pamoja na lithiamu kidogo sana. Basi. Hapakuwa na chuma, oksijeni wala silikoni ya kuunda jiwe hata moja. Vitu hivyo vilitengenezwa ndani ya nyota, nyota zikafa na kuvitawanya, zikazaliwa nyingine, nazo zikafa. Dunia ya mawe isingeweza kuwahi. Hidrojeni iliyomo kwenye maji unayokunywa ni ya dakika zile za mwanzo. Oksijeni iliyoshikamana nayo ilitoka kwenye nyota zilizokufa kabla jua letu halijawaka.

Swali: Hakuna aliyekuwepo. Mnajuaje?

Hili nalipenda kuliko yote, ingawa wengi huliuliza wakiwa hawataki jibu.

Umri wa dunia tunaupata kwenye mawe. Yurani, madini yenye mionzi, hugeuka kuwa risasi (madini, si ya bunduki) kwa mwendo usiobadilika, na ina aina zaidi ya moja: nusu ya yurani-238 huisha kwa takriban miaka bilioni 4.5, na nusu ya yurani-235 kwa miaka milioni 700 hivi. Ukipima aina za risasi zilizomo, unaweza kupiga hesabu ya kurudi nyuma. Clair Patterson, mwanakemia wa Marekani, alitaka kujua risasi ilikuwaje mwanzoni kabisa, kabla yurani haijaongeza yake. Alikitumia kipande cha kimondo cha chuma cha Canyon Diablo, kile kilichochimba shimo kubwa Arizona, kwa sababu karibu hakina yurani ndani yake.

Shida ikawa kwamba vipimo vyake vilivurugwa na risasi ya nje. Ilikuwa kwenye vumbi, kwenye vyombo, kwenye maji, kwenye nguo za watu walioingia maabara. Patterson alisugua sakafu, akachemsha vyombo kwa asidi, akasafisha upya kemikali alizonunua zikiwa zimeandikwa kuwa ni safi. Mwaka 1956 alichapisha jibu: miaka bilioni 4.55, ikizidi au kupungua milioni 70. Hesabu hiyo inasimama hadi leo. Na ile risasi iliyomsumbua ilimfanya atumie miaka mingi kupigana ili iondolewe kwenye petroli. Kwa hiyo anayeniandikia kwamba umri wa dunia ni makisio tu, naomba kwanza aniambie ni hatua gani ya kazi hiyo ilikosewa.

Kuhusu ulimwengu, ushahidi ni mwanga. Mwaka 1948 wanafizikia Ralph Alpher na Robert Herman walikokotoa kwamba kama ulimwengu ulianza ukiwa na joto kali, mabaki ya joto hilo lazima yawepo bado, nyuzi kama 5 juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho inayowezekana. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakitumia antena huko New Jersey, walisikia mvumo usiokoma kutoka kila upande wa anga. Walikagua waya, wakawafukuza njiwa waliojenga ndani ya antena na kusafisha vinyesi vyao. Mvumo haukuisha. Leo joto lake limepimwa: nyuzi 2.7 juu ya sifuri halisi. Mvumo huo ni ule mwanga wa kale, ulioachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, pale ulipopoa kiasi cha atomu kuundwa na mwanga kupata njia.

Swali: Mlipuko Mkuu ulitokea sehemu gani ya anga?

Kila sehemu. Haukuwa bomu lililolipuka katikati ya uwazi uliokuwa ukisubiri. Anga yenyewe ndiyo iliyotanuka, na bado inatanuka, kwa hiyo haina kitovu.

Swali: Kabla ya hapo kulikuwa na nini?

Hakuna kipimo kinachofika huko. Yeyote anayekuuzia jibu la uhakika, kwa jina la sayansi, mwepuke.

Swali: Nimeona video inayosema darubini ya James Webb imeuvunja Mlipuko Mkuu. Kwa nini mnatuficha?

Hakuna kilichofichwa; matokeo ya Webb huchapishwa hadharani. Darubini hiyo, iliyorushwa Desemba 2021, imeona galaksi (makundi makubwa ya nyota) za zamani sana ambazo zinang'aa kuliko wengi walivyotarajia. Moja, JADES-GS-z14-0, tunaiona ilivyokuwa miaka isiyofika milioni 300 tangu mwanzo. Hilo linawalazimisha wataalamu kurekebisha maelezo ya jinsi galaksi za kwanza zilivyokua kwa kasi. Halifuti ule mwanga wa nyuzi 2.7, wala uwiano wa hidrojeni na heliamu, wala kutanuka kwa anga. Video hizi zinalipwa kwa idadi ya watazamaji, na kichwa cha habari cha kweli hakiwavuti. Kabla ya kusambaza, uliza kitu kimoja: ni nini hasa kilichopimwa? Kama msemaji hataji, achana naye.

Swali: Kwa nini sayari zote zinalizunguka jua kwa upande mmoja?

Kwa sababu zilitokana na sahani moja. Wingu la gesi na vumbi lilijikusanya kwa uvutano wake lenyewe, na kadiri lilivyosinyaa ndivyo lilivyozunguka kwa kasi zaidi na kubapa. Sehemu kubwa mno iliangukia katikati: jua peke yake lina zaidi ya asilimia 99.8 ya uzito wa mfumo mzima. Yaliyobaki yaligongana, yakashikana, yakawa sayari. Karibu na jua palikuwa na joto, barafu haikudumu, ndiyo maana huku ndani tuna mawe matupu. Mbali zaidi barafu iliongeza malighafi, sayari ya Mshtarii (Jupita) ikapata kiini kikubwa na kujivutia gesi hadi kufikia uzito wa dunia 318.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliliwaza wazo hilo mwaka 1755, akiwa hana chombo cha kulithibitisha. Mwaka 2014 darubini za ALMA, katika jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha ya nyota changa HL Tauri: sahani ya vumbi yenye mikanda na mianya, jinsi hasa tunavyotarajia mahali sayari zinapoundwa.

Swali: Je, ukanda wa asteroidi, yale mawe yanayolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, ni sayari iliyopasuka?

Hapana. Ukikusanya asteroidi zote hupati hata sehemu ya kumi ya uzito wa mwezi wetu. Ni malighafi ambayo uvutano wa Mshtarii haukuiacha itulie.

Swali: Kuukubali Mlipuko Mkuu si kumkana Mungu?

Aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kama atomu moja ya kwanza ni Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji. Hakutaka kazi yake itumike kuthibitisha dini wala kuikanusha. Namuunga mkono, na barua za kutaka nichague upande sitazijibu.

Swali: Jua litalipuka lini?

Halitalipuka, uzito wake hautoshi. Baada ya miaka kama bilioni 5 litavimba na kuwa jitu jekundu, litamwaga tabaka zake za nje, na kitakachobaki ni kibete cheupe, yaani kiini chake kilichosinyaa, chenye ukubwa unaokaribiana na wa dunia.