TSH iko kawaida lakini mtu bado hana nguvu, pimeni na hivi

Jamani tuongee kuhusu vipimo vya homoni, maana watu wengi wenye uchovu usioisha wanapimwa TSH (homoni ya kuiamrisha thairoidi, ile tezi ya shingoni) peke yake, majibu yanarudi kawaida, basi wanaambiwa thairoidi iko poa nenda kapumzike. Sasa TSH haitoki kwenye thairoidi, inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikilegea TSH inapanda na FT4, homoni ya thairoidi yenyewe, inashuka, hapo kila mtu anaona tatizo. Ila pituitari yenyewe ikiumia, TSH inaweza kukaa 2 au 3 tu, haina neno kabisa kwenye karatasi, huku FT4 iko chini.

Mdogo wangu ilikuwa hivyo. Alitokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa hayakutoka hata tone, hedhi haikurudi, nywele za kwapani zikapukutika, na baridi hiyo, mchana wa Dar anavaa sweta! TSH kawaida. Tukaenda kwa daktari mwingine, nikamsimulia habari ya uzazi yote, akaagiza FT4 na kotisoli (homoni inayosaidia kushikilia presha na nguvu za mwili) ya asubuhi kwa pamoja, zote zikaja chini. Inaitwa Sheehan, pituitari inakosa damu mama anapovuja sana. Na hapa muwe makini jamani, kotisoli ndo inarudishwa kwanza, ukianza na dawa ya thairoidi mgonjwa anaweza kuzidiwa ghafla, presha ikashuka vibaya.

Kotisoli ipimwe kama saa 2 asubuhi, jioni huwa inashuka hata kwa mtu mzima wa afya kwahiyo kipimo cha saa 10 jioni kitawachanganya tu. Halafu mwambie daktari kila unachotumia, usione aibu, prednisoloni, deksamethasoni, hata krimu za kung'arisha ngozi, maana baadhi zina steroidi kali kama klobetasoli ambayo inapita kwenye ngozi na kuzilaza tezi za adreno zinazotengeneza kotisoli, na usiziache ghafla bila kuongea naye. Vidonge vya biotini vya nywele na kucha navyo vinadanganya baadhi ya mashine, TSH inaonekana chini na FT4 juu, uliza uviache siku ngapi kabla ya kutoa damu.

Wingi wa damu, sukari, HIV, TB na mimba viangaliwe pia, uchovu mwingi unaanzia huko. Ila kama ulivuja sana ukijifungua na maziwa hayakutoka, litaje hilo kwanza kabla hata hujaonyesha karatasi.