Banda la ng'ombe kuwa karakana huku pwani: usilizibe

Kaka, umeuliza kama banda la ng'ombe alilowaachia marehemu babu yenu kule Mwakirunge, Mombasa, linaweza kuwa karakana ya useremala ya nyumbani. Ukasema mpango wako ni kupandisha kuta kwa bloku hadi juu, kupiga plasta ya simiti ndani na nje, kutia dari, halafu kuingiza mashine. Linaweza, tena vizuri sana. Ila huo mpango wa kuziba ndio ningeuacha. Mimi nafanyia kazi katika banda la namna hiyo huku Mtongwe. Lilikuwa la ng'ombe wa maziwa wa mzee wangu, na nikitoka zamu bandarini ndimo ninamotengenezea milango, meza na samadari moja moja za watu.

Aliyejenga banda la ng'ombe pwani alilijua joto. Ukuta wa mawe ya matumbawe unaishia kifuani, juu yake nguzo tu, paa limeinuka, upepo unaingia huku na kutokea kule. Ng'ombe wa maziwa akizidiwa na joto hula kidogo na maziwa yanapungua, kwa hivyo wazee hawakuwa na mzaha na upepo. Ukija wewe ukaziba, utapata chumba ambacho saa nane mchana hakikaliki, na usiku ndiyo mbaya zaidi: hewa yenye unyevu imefungiwa ndani, mabati yanapoa haraka kuliko hewa, alfajiri yanatona maji juu ya meza ya msumeno. Na hewa yetu ina chumvi. Chuma kikilowa usiku huo mmoja, asubuhi kina rangi ya chungwa.

Ninavyoona mimi, pesa ziende sehemu tatu: sakafu, umeme, na chumba kimoja kidogo kilichofungika ndani ya banda. Banda lenyewe libaki kivuli chenye upepo.

Kabla ya hayo yote, usafi, na hapa sitanii. Nenda ukachanjwe pepopunda kama hujachanjwa miaka ya karibuni. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama miaka na miaka, na banda la zamani lina misumari yenye kutu kila pembe. Kama kuna popo darini, mavi yao usiyafagie makavu; nyunyiza maji kwanza, vaa barakoa ya maana, si kitambaa. Angalia pia kama paa ni la asbesto, yale mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi. Kama ni hayo usiyakate, usiyapige msasa, usiyavunje. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki, na kisheria ni taka ya hatari, ina watu wenye leseni ya kuiondoa. Na ukikuta shimo la josho, pale mifugo ilipoogeshwa dawa ya kupe, karibu na banda, usichote udongo wake kujazia sakafu wala kupanda mboga pale. Majosho ya zamani yalitumia arseniki, na arseniki haiozi.

Sasa kuta. Hili ndilo linalowashinda wengi, na mafundi wengi wa nyumba hawalijui kwa sababu hawajawahi kufanya kazi ndani ya zizi. Mkojo wa ng'ombe wa miaka thelathini umenyonywa na jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina vitundu vingi. Bakteria wameugeuza mkojo kuwa chumvi za naitreti, na chumvi hizo huvuta unyevu kutoka hewani. Wakati wa masika utauona ukuta umelowa hata kama paa halivuji. Ikija kaskazi, msimu wa ukavu, unakauka, chumvi inaganda na kuwa fuwele, na fuwele ikikua hubandua chochote kilichopakwa juu yake. Ndiyo maana plasta ya simiti kwenye ukuta wa zizi hudondoka vipande vizima, na jirani anasema mchanga ulikuwa mbaya. Mchanga haukuwa na kosa.

Kwangu nilikwangua plasta ya zamani yote, nikapiga brashi kavu (ukiosha kwa maji unairudisha chumvi ndani), nikaacha msimu mzima wa kaskazi upite, ndipo nikapaka chokaa. Chokaa inapumua. Chumvi ikitoka itabandua chokaa kidogo, unafagia, unapaka tena mwaka unaofuata. Ni kazi ya asubuhi moja na debe la chokaa. Ukuta wa Fort Jesus ulianza kujengwa 1593 kwa matumbawe na chokaa na bado umesimama, na ukitembea Mji wa Kale utaona nyumba zilizozibwa kwa simiti zinavyobanduka chini ya madirisha. Halafu usitundike patasi wala misumeno moja kwa moja kwenye ukuta huo. Piga fito kwanza, ubao wa zana ukae mbali na jiwe upana wa kiganja, hewa ipite nyuma.

Nafasi iliyo wazi juu ya ukuta, ambayo wewe unataka kuijaza bloku, najua unaogopa wezi. Ni haki yako kuogopa. Mimi nilitia nondo za mraba, nikazichomea kwenye fremu, nikapaka red oksaidi ya kuzuia kutu mikono miwili kabla ya rangi, na nyuma yake wavu wa kuzuia ndege. Matofali ya matundu pia yanafaa, hasa upande wa kusi ambako mvua huja ya ubavu. Lakini mwizi haji kuiba banda. Anakuja kuiba mashine ya mkononi, na hiyo inalala kwenye kile chumba.

Chumba hicho changu ni cha ukubwa wa choo cha nje, samahani kwa mfano. Kiko katikati ya banda, hakigusi ukuta wa zamani, kuta zake ni mbao na plaiwudi, dari yake iko chini, mlango una kitasa cha kweli na komeo. Humo ndimo zinamolala randa, patasi, keekee, msasa, gundi na vanishi. Ndani kuna balbu ya zamani ya kutoa joto, ya wati chache, inawaka usiku wa masika. Hewa ikipata joto kidogo tu kuliko ya nje, unyevu hauwezi kutua juu ya chuma. Hela ya tokeni za umeme inayokwenda pale ni ndogo kuliko bei ya patasi moja nzuri. Mashine kubwa ambazo haziingii humo, meza zake nazisugua nta ya nyuki au mshumaa, nafunika kwa turubai la pamba, si nailoni; nailoni hufungia jasho chini yake. Usipake dawa yenye silikoni. Itaingia kwenye mbao, na siku ya vanishi utaona vishimo ambavyo havifutiki.

Sakafu ya zizi ina mteremko kuelekea mferejini, na mashine haitaki mteremko. Kama simiti ya zamani ni nzima unaweza kuziba mfereji na kutia kabari chini ya mashine, na kwa mtu wa mashine mbili hiyo inatosha. Yangu ilikuwa imepasuka na inanuka kila mvua ikinyesha, kwa hivyo tulivunja: hadikoo (mawe ya kujazia) ikashindiliwa, dawa ya mchwa ikanyunyizwa, polithini nzito ya geji 1000, wavu wa chuma wa BRC, zege ya inchi nne kwa uwiano wa moja, mbili, nne. Polithini ndiyo inayozuia ule unyevu na zile chumvi zisipande tena. Zipandishe kingo zake ukutani kidogo kabla ya kumwaga, usikubali fundi azikate sawasawa na ardhi ili amalize haraka. Mwagilia zege maji wiki nzima, jua letu halina subira.

Nguzo. Kama ni boriti za mikoko au za mnazi zilizozikwa ardhini, chimba kidogo uchome na bisibisi. Ikizama, mchwa ameshakula na kilichobaki ni ganda. Nguzo yangu moja ilikuwa nzuri juu na haina kitu chini. Unalishikilia paa kwa mihimili ya muda, unakata sehemu iliyooza, unaikalisha juu ya kisiki cha zege chenye kipande cha chuma, ili kuanzia hapo mchwa akitaka kupanda ajenge kijia chake cha udongo mahali unapokiona. Mbao za mnazi ulizozitoa usizitupe, ubao wa nje wa mnazi mkongwe ni mgumu na mzuri ajabu kwa meza. Ubao huo hula meno ya msumeno tu. Tumia bleidi yenye ncha za kabaidi.

Paa: makuti ni baridi na ni mazuri macho, lakini cheche ya graina, mashine ya kukatia chuma, haisamehe. Weka mabati. Usinunue geji 30 eti ni rahisi. Namba ikiwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene, na karibu na bahari 28 ni mwanzo, 26 ni bora, yenye mpako wa aluminiamu na zinki au aluminiamu tupu. Acha uwazi kileleni, upandishe kikofia juu yake, joto litoke lenyewe. Dari sikutia ila juu ya benchi.

Umeme usifanye ujanja wa kuvuta ekstensheni kutoka jikoni. Mota ya msumeno wa meza ya nguvu farasi mbili inakula karibu wati 2,000 ikiwa kazini, lakini ikiwaka inavuta mara kadhaa ya hapo kwa sekunde, na waya mwembamba wa mita arobaini unashusha volti kiasi kwamba mota inaguna, inapata moto, inaungua. Tukapitisha kebo ya milimita sita ya mraba chini ya ardhi ndani ya bomba, na waya wa ardhi ukiwa na fimbo yake hapo bandani, kisha bodi ndogo yenye swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Mashine zina saketi yake, taa zina yake, ili msumeno ukikata umeme usibaki gizani huku bleidi inazunguka. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Najua wako wa bei nusu. Mmoja alinijia akasema waya wa ardhi ni mapambo.

Vumbi la mbao nilidhani litahitaji mashine ya kunyonya ya maana. Ukipanga vizuri, upepo unafanya nusu ya kazi. Kusi inatoka upande wa kusini mashariki, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba; kaskazi inatoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Simama na upepo mgongoni, mashine mbele yako, uwazi nyuma ya mashine. Mimi nina milango miwili mikubwa inayotazamana na msumeno wa meza uko juu ya magurudumu yenye breki, naugeuza msimu ukigeuka. Barakoa bado vaa. Vumbi la mvule linawasha kifua na pua. Kazi ya vanishi na sanding sila, ile ya kupaka mbao kabla ya vanishi, ipange kaskazi, Januari na Februari. Ukipaka siku ya mvua ya Mei inatoka na ukungu mweupe kama kioo kilichopumuliwa, na utarudia kazi.

Karatasi nazo: kulitoa banda la mifugo kwenye matumizi yake ni jambo la ruhusa ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, hasa ukianza kuuza. Kaulize kabla ya kumwaga zege. Jirani muulize kabla ya kaunti. Kwangu msumeno haulii wakati wa adhana wala baada ya isha, na kwa sharti hilo tu hakuna aliyewahi kunilalamikia, hata mama wa nyumba ya pili ambaye hulalamikia jogoo.

Mbao mimi hununua zikiwa mbichi nikazikausha mwenyewe bandani, upande ule ambao jua halifiki, zimepangwa na vifito katikati. Mwembe upasuliwe na upangwe upesi, ukichelewa unaingia madoa ya buluu na wadudu wanaouacha unga. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, lori linafika huku bila foleni ya feri. Wewe wa Mwakirunge shida hiyo huna, lakini angalia njia yenu ya kuingia shambani wakati wa masika kabla ya kuagiza mashine ya kilo mia tatu.

Kwa hiyo kama una bajeti ya bloku na plasta, ihamishe kwenye zege na kebo. Anza na paa na nguzo kabla ya masika, ukuta uache ukauke, chumba cha zana jenga mwisho. Nitumie urefu na upana wa banda, na picha ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kutoka chini, uonyeshe vile viungo vya katikati. Nataka nione kama zinabeba bati zito au itabidi uongeze mbao kwanza.