Bei ya tiketi si bei ya safari

Mara ya kwanza kumsafirisha mama kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa, nilitafuta tiketi ya bei nafuu kwa wiki mbili, nikaipata, nikajisifu. Asubuhi ya safari mama alinipigia simu kutoka ndani ya uwanja: amesimama mbele ya gishe ya Go-Pass, ada ambayo kila abiria hulipa uwanjani, na noti pekee ya dola aliyo nayo ina mchaniko pembeni usiozidi punje ya mchele. Karani aliinyanyua kwenye mwanga, akamrudishia bila neno. Wenzangu wa hapa Kongo mnajua kwamba dola iliyochanika, hata kidogo namna hiyo, kwetu ni karatasi tu. Mimi nilikuwa nje, askari wamenizuia mlangoni, na kama si msafiri mmoja aliyekubali kumbadilishia, ndege ingemwacha.

Go-Pass ilianza mwaka 2009, kwa dola 10 safari za ndani na dola 50 safari za nje, ili fedha hizo ziendeleze viwanja. Kama zimeendeleza, kila mtu na atazame paa la uwanja wake. Lililoniudhi zaidi siku ile ni kwamba ada hiyo ililipwa kando ya tiketi, kwa hiyo nauli iliyotangazwa ilionekana ndogo, ilhali mfuko uliotoboka ulikuwa uleule.

Ugomvi huu si wa kwetu peke yetu. Mwezi Januari 2025 Ryanair, shirika la ndege la bei nafuu la Ulaya, ilitangaza kuacha viwanja vya Jerez na Valladolid nchini Hispania, ikidai kwamba Aena, kampuni inayoviendesha, inatoza ada kubwa mno. Naielewa hesabu yao, maana nauli ikiwa ndogo sana, hata euro chache za ada huwa sehemu kubwa yake. Ila katika mvutano huo abiria wa mji mdogo ndiye aliyebaki bila ndege hizo.

Kwa hiyo usimuulize wakala tiketi ni bei gani. Muulize utakuwa umetoa kiasi gani kwa jumla hadi unaketi ndani ya ndege, mzigo ukiwamo, kisha uthibitishe bei ya Go-Pass ya siku hizo. Wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kupanda ndege Ndola, Zambia, wahesabu pia gari, mpaka na pengine usiku mmoja wa kulala. Beba noti safi, zisizokunjwa, na moja ya akiba. Noti ile ya mama bado ninayo. Hata wabadilisha fedha wa mjini wameikataa.