Mezani na Mjomba: Ganzi ya Kilimani, na Chai Isiyo Chai

SWALI: Mjomba, hujambo? Mimi ni mhasibu, naishi Donholm. Ofisini tuko wanawake sita, na kila mwisho wa mwezi tunachanga pesa na kwenda kula mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu amewahi kuingia. Mwezi uliopita ilikuwa mkahawa wa Kichina huko Kilimani. Kila mtu aliagiza chake. Mimi nikaagiza kuku wa pilipili. Ikaja sinia imejaa pilipili nyekundu zilizokauka, vipande vya kuku vimefichwa humo kama njugu. Nikala vyote pamoja, maana nililelewa kutobakisha chakula. Mara midomo ikafa ganzi, nikadhani nimekula sumu. Ili nijipoze nikaagiza kokteli yenye rangi ya chai na jina la chai. Ilikuwa tamu, nikanywa mbili. Wenzangu ndio walionifikisha nyumbani. Sasa zamu ya kuchagua mahali ni yangu na wote wanataka Kichina tena. Natamani niwapeleke nyama choma yaishe. Tena mimi sili nguruwe. — Mwende

JIBU: Mpwa wangu Mwende, pole sana. Nyama choma iache, hiyo itakungoja.

Kabla ya kuandika safu hii nilibeba sahani miaka saba katika mkahawa wa Kichina pale Hurlingham. Sinia hiyo nimeirudisha jikoni mara nyingi pilipili zikiwa zimebaki zote, na ndivyo inavyotakiwa kurudi. Zinakaangwa ili zitie harufu na rangi kwenye mafuta. Mlaji huzisukuma kando kwa vijiti akitafuta kuku. Aliyekuhudumia ndiye aliyekosea. Kumwekea mgeni sinia kama ile bila kumwambia neno ni kumtupa, na linaniuma kwa sababu na mimi, wiki zangu za kwanza kazini, nililifanya.

Ganzi haikutoka kwenye pilipili. Humo ndani kulikuwa na punje ndogo nyekundu zilizopasuka kama midomo wazi. Wachina huziita huajiao. Ni maganda ya tunda la mti ulio ukoo mmoja na ndimu na machungwa, na mti huo una ndugu hapa kwetu: mjafari, ule wenye vifundo vya miiba kwenye shina, ambao Wakamba wanauita mukenea. Kama una bibi kijijini, muulize. Huenda amewahi kuchemsha magome yake kwa ajili ya kikohozi. Ganzi ya huajiao hupita yenyewe baada ya muda mfupi. Watu wa mkoa wa Sichuan wanaipenda kiasi kwamba wana neno la kuiunganisha na pilipili, mala: ma ni ganzi, la ni ukali. Ila midomo ikivimba, ngozi ikitoka mabaka au pumzi ikibana, hiyo si ganzi ya kawaida ya huajiao, kimbilia hospitali.

Sasa hilo jina Sichuan ndilo litakalokusaidia. Ukifika mkahawa usioujua, kabla hujafungua menyu, muulize weita: mpishi wenu ametoka mkoa gani? Hapa kwetu samaki wa Lamu na samaki wa Kisumu hawapikwi sawa, na hakuna anayeshangaa. China ni kubwa kuliko hivyo. Mpishi akiwa wa Sichuan, tarajieni mala. Akiwa wa Guangdong, huko kusini, agizeni samaki mzima wa mvuke mwenye tangawizi na majani ya kitunguu. Ladha yake ni ya upole na samaki mwenyewe anasikika mdomoni. Akiwa wa kaskazini, ulizeni vitu vya ngano: tambi za kuvutwa kwa mkono, na jiaozi, zile kama sambusa ndogo za kuchemsha. Nimewaona wageni wengi wakiagiza wali wa kukaanga na kuku wa sukari na siki kila mahali wanapoingia, wakaondoka wakiamini Kichina ni hicho tu. Huwa nawaonea huruma, kwa sababu jikoni nyuma yao kulikuwa na mtu anayejua kupika vitu ambavyo hakuna aliyemwomba.

Kuhusu nguruwe, shika jambo moja. Kwa Kichina, neno nyama likisimama peke yake kwa kawaida ni nguruwe. Ng'ombe na kondoo ndio hutajwa kwa majina yao. Kwa hiyo menyu iliyotafsiriwa ikisema "nyama" tu, uliza. Jiaozi mara nyingi zina nguruwe. Mapo tofu, ile tofu laini, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, kwenye mchuzi mwekundu, huwekwa nyama ya kusaga, ya ng'ombe au ya nguruwe. Na uliza mafuta pia, kwani baadhi ya wapishi hukaangia mboga kwa mafuta ya nguruwe.

Mkiwa sita, msiagize tena kila mtu chake. Meza ile ya duara yenye kioo kinachozunguka imetengenezwa kwa ajili ya kula pamoja. Samaki mmoja, kuku mmoja, tofu, mboga mbili, bakuli za wali. Kila mtu anaonja, na kikimshinda mmoja kinamfaa mwingine. Halafu soma maandishi madogo chini ya menyu uone kama bei zina VAT ya 16% na ushuru wa utalii wa 2%, ili mchango usiwapungukie.

Hiyo chai uliyokunywa naifahamu. Inaitwa Long Island Iced Tea na haina chai hata tone. Ina vodka, jini, ramu, tekila na pombe ya maganda ya machungwa, vyote katika glasi moja, kisha ndimu na kola kidogo ndiyo inayoleta rangi ile. Utamu unaficha ukali. Kokteli yoyote usiyoijua, muulize wa kaunta: ina pombe ngapi ndani? Akikwambia zaidi ya moja, iache, agiza kinywaji kingine. Na pilipili haipozwi kwa kokteli wala kwa maji. Kula wali mtupu, au omba maziwa.

SWALI: Mjomba, mimi ni Mwislamu. Nilikuwa na mafua, nikaagiza kile kinywaji kinachoitwa dawa kwenye mkahawa mmoja karibu na kazini. Nilipoinua glasi nikasikia harufu ya pombe. Imekuwaje? — Juma, South B

JIBU: Ndugu Juma, Nairobi ina dawa mbili. Kwenye mikahawa ya kahawa na chai, dawa ni tangawizi, ndimu na asali kwenye maji moto. Kwenye baa ni vodka, ndimu na asali juu ya barafu, kokteli iliyopata jina kubwa pale mkahawa wa Carnivore, Barabara ya Langata. Mkahawa wenye kaunta ya pombe unaweza kukuletea yoyote kati ya hizo. Ulifanya vema kunusa kwanza. Siku nyingine sema wazi, "dawa ya moto, isiyo na pombe," na ikija glasi fupi yenye barafu na kijiti cha kupondea ndimu, mrudishie kabla hujaonja.