Maswali ya Wasomaji: Nikisajili Kampuni, Nyumba Yangu Itakuwa Salama?

SWALI: Nimeajiriwa kwa mshahara wa mwezi, lakini jioni na siku za mapumziko hufunga nyaya za umeme katika nyumba za watu. Kazi zimeongezeka hadi nimelazimika kuwachukua vijana wawili wa kunisaidia, na vifaa sasa nachukua kwa mkopo. Rafiki yangu ananihimiza nisajili kampuni yenye ukomo wa dhima, akisema kwamba nikishafanya hivyo hakuna atakayeigusa nyumba yangu hata kazi ikiharibika. Je, ni kweli? Na je, nalazimika kumwambia mwajiri wangu? (Fundi wa Jioni)

JIBU: Rafiki yako amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomhusu zaidi fundi umeme.

Kwa sasa wewe na biashara yako ni kitu kimoja tu mbele ya sheria, hata kama umeipa jina zuri na kulichapisha kwenye fulana. Mwenye duka la vifaa akikosa kulipwa, anakudai wewe, na akishinda mahakamani anaweza kufuata akiba yako, gari lako na hata nyumba. Kampuni inaposajiliwa huzaliwa mtu mwingine, yaani mtu wa kisheria, mwenye uwezo wa kumiliki mali, kukopa, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Ikifilisika, wewe kama mwanahisa hupoteza kile ulichotoa, au ulichoahidi kutoa, kwa ajili ya hisa zako, na wadai hawana ruhusa ya kuendelea hadi mlangoni kwako.

Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, msingi huu hurejeshwa kwenye kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu, ambayo wanasheria huinukuu kwa mwaka wa 1897. Salomon aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoianzisha mwenyewe, akashika hisa 20,001 kati ya 20,007, na zile sita zilizobaki wakapewa mkewe na watoto wao watano, moja kwa kila mtu. Kampuni ilipofilisika, mahakama za chini zilimwona kuwa anapaswa kubeba madeni yake, kwa kuwa kwa macho ya kawaida Salomon na kampuni walikuwa mtu yule yule. Mahakama ya juu kabisa ilikataa: maadamu kampuni imesajiliwa kihalali, ni mtu tofauti, hata kama karibu hisa zote zimo mkononi mwa mtu mmoja.

Hadi hapo rafiki yako yuko sahihi. Lakini ukomo wa dhima humkinga mwanahisa dhidi ya madeni ya kampuni. Haumkingi fundi dhidi ya kosa la mkono wake mwenyewe. Chukulia umefunga swichi kuu, ukaacha skrubu moja ikiwa imelegea, waya ukapata joto na jiko la mteja likaungua. Mteja anaweza kuishitaki kampuni iliyompa ankara, na katika nchi nyingi anaweza pia kukushitaki wewe uliyeshika bisibisi, kwa sababu uzembe ni wako binafsi. Kinachosaidia hapo ni bima ya dhima kwa kazi unayoifanya, nami ningekushauri uikate hata kabla ya kwenda kwa msajili wa makampuni. Kosa la kijana wako ukiwa haupo ni jambo jingine: hapo kwa kawaida mwajiri wake ni kampuni, na kinga yako ina nguvu zaidi, ilimradi hukumtuma kazi usiyokuwa umemfundisha.

Mlango wa pili ambao deni hupitia na kukufikia ni sahihi yako. Kampuni changa haina historia, kwa hiyo benki, mwenye jengo, na mara nyingine hata muuza vifaa atakutaka uidhamini wewe binafsi. Kifungu hicho mara nyingi hukaa ukurasa wa mwisho wa fomu, na kwa kukisaini unakuwa umeirudisha nyumba mezani kwa deni hilo. Usikisaini bila kuuliza kama dhamana inaweza kuwekewa kiwango cha juu au tarehe ya mwisho. Ankara, mikataba na barua nazo zibebe jina kamili la kampuni, nawe usaini kama mkurugenzi wake. Tena, usisaini mkataba kwa jina la kampuni ambayo cheti chake hakijatoka, kwani kisichokuwapo hakiwezi kufungwa na mkataba, na mara nyingi aliyesaini ndiye hubaki nao. Kumbuka pia kwamba madeni uliyoyachukua kabla ya usajili hayahamii kwenye kampuni yenyewe. Yatabaki yako mpaka mdai mwenyewe akubali vinginevyo.

Kuhusu mwajiri, soma mkataba wako wa kazi kabla ya lolote. Tafuta maneno kuhusu kazi nyingine ya kipato, kushindana na mwajiri, mgongano wa maslahi, na matumizi ya vifaa vyake. Ikiwa ruhusa inahitajika, iombe kwa maandishi na uhifadhi jibu. Usitegemee siri, kwa kuwa katika nchi nyingi majina ya wakurugenzi huwekwa kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulikagua.

Je, usajili? Ungekuwa peke yako na kazi moja kwa mwezi, ningekuambia usubiri, kwa sababu kampuni hudai taarifa za mwaka, hesabu na ritani ya kodi hata katika mwaka ambao haikupata kazi yoyote, na faini za kuchelewa hazijali kwamba ulikuwa na shughuli nyingine. Lakini mwenye vijana wawili na vifaa vya mkopo ameshafika mahali pa kuihitaji.

SWALI: Kampuni ni yangu peke yangu, asilimia mia moja. Mhasibu wangu amekasirika kwa sababu nimelipia karo ya mtoto kwa akaunti ya kampuni. Kosa liko wapi, ikiwa fedha ni zangu? (Mwenye Hisa Zote)

JIBU: Zako ni hisa, fedha ni za kampuni. Kuna njia halali za kuzifikia: mshahara, gawio litokanalo na faida baada ya hesabu kufungwa, au mkopo ulioandikwa na kurejeshwa, na kila njia ina kodi yake. Karo uliyoilipa si mojawapo mpaka mhasibu aiandike kuwa mojawapo, na pengine ndicho kilichomkasirisha. Mambo hayo yakizoeleka, siku kampuni ikifilisika wadai watamwonyesha hakimu taarifa ya benki yenye karo, mafuta ya gari la nyumbani na sherehe ya kuzaliwa, wakidai kwamba wewe mwenyewe hukuitendea kama mtu tofauti. Mahakama hazikubali hoja hiyo kirahisi, ila usiwape ushahidi. Mwombe mhasibu aiandike karo hiyo kama mkopo kwako, irejeshe mwezi huu, kisha jipangie mshahara wa tarehe maalumu unaoingia kwenye akaunti yako binafsi.