Shangazi, mume wangu kapenda kigari, mimi naziona ngazi

"Shikamoo shangazi. Nina mimba ya miezi saba, ndiyo ya kwanza. Tunaishi mjini, ghorofa ya tatu, na jengo letu halina lifti. Gari hatuna, safari zetu ni basi na miguu. Mume wangu ameona kigari cha mtoto dukani, kikubwa, magurudumu kama ya baiskeli, na kila jioni ananionyesha picha zake kwenye simu. Anakitaka cheupe. Dada yake naye ametuwekea kile alicholelea wanawe wawili, na anasema kununua kipya ni majivuno. Mimi nikizifikiria zile ngazi nashikwa na kizunguzungu, ila nikifungua mdomo naambiwa sina shukrani. Nichukue kipi, na niwaambieje?
Wa Ghorofa ya Tatu."

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa safari uliyofika.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jambo moja, nisilione: nani atakuwa anakibeba hicho kigari? Mumeo amekiona kikiteleza kwenye sakafu ya duka. Wifi yako anakikumbuka chake kikiwa kimesimama barazani. Wewe peke yako ndiye unayekiona kikiwa mkononi, katikati ya ngazi, mtoto begani analia na funguo umeziuma kwa meno. Anayekwambia huna shukrani hajawahi kusimama kwenye ngazi hiyo.

Tuanze na uzito, maana kwako ndio unaoamua karibu kila kitu. Kigari kamili, chenye fremu nene, kikapu cha kumlaza mtoto na tairi kubwa, mara nyingi kina kilo 12 hadi 15. Kile chepesi cha kukunja kina 6 au 7. Mtoto anazaliwa na kilo tatu na kitu, na akifika miezi sita amekaribia saba. Ongeza mkoba wa nepi. Halafu kumbuka kwamba ukijifungua kwa upasuaji, utaambiwa usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako kwa wiki kadhaa. Sasa mumeo akiwa kazini, kigari cha kilo 14 kitashukaje? Hakitashuka. Kitabaki mlangoni kikipendeza, na wewe utabaki ndani nacho. Nimewaona akina mama waliofungiwa nyumbani hivyo na kigari walichonunua ili watoke.

Tatizo lako lina umri mrefu kidogo. Mwaka 1965 Mwingereza mmoja mstaafu, Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyewahi kufanya kazi kwenye miguu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, alimwona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito cha mjukuu. Akachukua mabomba ya aluminiamu, akabuni kigari kinachojikunja kama mwavuli na kisichofika kilo 3. Vigari vyepesi vyote unavyoviona mabarabarani leo ni wajukuu wa kile.

Lakini usikimbilie mwavuli kesho asubuhi. Vingi vya aina hiyo vina kiti cha kitambaa kinacholegea katikati kama bembea, na hapo si mahali pa mtoto mchanga. Kichwa chake ni kizito kuliko shingo inavyoweza kukihimili. Ukimkalisha akiwa amejikunja, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa, tena kimyakimya, wala hatalia. Anatakiwa alale chali, mgongo umenyooka, mpaka aweze kukaa mwenyewe, jambo ambalo kwa wengi huja kwenye miezi sita hivi. Viwango vya Ulaya vya vigari, vinavyoitwa EN 1888, vinasema kiti ambacho mgongo wake haufunguki hadi angalau nyuzi 150 hakimfai mtoto wa chini ya miezi 6. Dukani huhitaji kipimo: shusha mgongo wa kiti hadi mwisho, weka kiganja pale unapokutana na kikalio, uone kama pana shimo.

Kwa hiyo unachotafuta ni kigari cha kilo saba au nane, ambacho kiti chake kinalala kabisa na ambacho unaweza kukikunja kwa mkono mmoja. Huo mkono mmoja usiuchukulie kama mapambo ya muuzaji. Basi likisimama, mkono wa pili una mtoto. Mwambie muuzaji asikuonyeshe. Mpe mumeo mkoba wako, kumbatia kitu chochote kwa mkono wa kushoto, ukikunje wewe. Ukishindwa mara tatu dukani, kwenye mvua hutaweza. Pima pia upana wa mlango wenu na pale ngazi zinapokata kona. Vigari vingi vikubwa vinakaribia sentimita 60, na wapo waliogundua hilo baada ya kulipa.

Tairi za upepo ni laini kwenye mashimo lakini zinapata pancha. Zile ngumu zenye sponji ndani zinakutosha.

Kingine ambacho ningekilipia bila kinyongo ni kiti kinachogeuka ili mtoto akutazame wewe badala ya barabara. Mwaka 2008 Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, alichunguza wazazi wakiwa na watoto kwenye vigari, na akaona kwamba mtoto akigeuziwa mzazi wanazungumza zaidi. Ukifikiria, ni jambo la kawaida tu: nani anaongea na kisogo? Ila kiti cha kugeuka mara nyingi huongeza uzito. Ikibidi uchague kati ya kugeuka na kupunguza kilo tatu, kwenye ghorofa yako chagua kupunguza, kisha simama njiani kila mara uiname umwone.

Na sasa nikuambie neno ambalo wenye maduka hawatalipenda. Miezi mitatu ya mwanzo huenda usikihitaji kigari kabisa. Kwa mtu wa ngazi na basi, mbeleko inafanya kazi kubwa kuliko gurudumu lolote: mikono yote miwili iko huru, mtoto yuko juu ya moshi wa magari, na hakuna wa kukukunjia uso eti umeziba njia. Mbebe kifuani, wima, uso wake ukiuona muda wote, kidevu kikiwa mbali na kifua chake, na karibu kiasi cha kumbusu utosini bila kuinama sana. Basi mna muda. Hakuna sheria inayosema kigari kiwe kimenunuliwa kabla uchungu haujaanza.

Kuhusu cha wifi. Usikikatae kwa mdomo, kikague kwa mikono. Kifungue na ukifunge mara kumi, usikilize kama kile kifungio cha fremu kinalia "tak" kila mara au mara nyingine kinasita. Kiweke mteremkoni na mzigo wa kilo kumi ndani, kanyaga breki, kisha kisukume kidogo. Hesabu mikanda: miwili mabegani, miwili kiunoni, mmoja katikati ya miguu. Ukikuta ya kiunoni tu, hapo hakuna mjadala tena, kwa sababu mtoto anaweza kuteleza chini akanasa shingo. Mwisho, angalia bawaba, pale vyuma vinapokutana. Mwaka 2009 kampuni yenye jina la yule Maclaren wa mwavuli ilitangaza nchini Marekani marekebisho ya vigari vyake kama milioni moja, baada ya taarifa 12 za watoto waliokatwa ncha za vidole na bawaba. Wenye navyo wakapelekewa vifuniko vya kuzifunika. Kwa hiyo andika jina la kigari cha wifi na tarehe iliyobandikwa kwenye fremu, utafute kwenye intaneti kama kuna kilichowahi kutangazwa juu yake. Ukiona kiko sawa na ni chepesi, kichukue umshukuru kwa moyo mmoja. Kulelewa kwenye kigari cha binamu si umaskini.

Kama ni kizito, hapo ndipo maneno yanahitajika. Usimwambie "kimechakaa", hata kama kimechakaa, kwa sababu wanawe wawili walilala humo na atasikia kana kwamba umewasema wao. Sema hivi: "Wifi, naomba hiki kikae kwako. Siku tukija, mtoto akute gari lake huku, nisihangaike nalo kwenye basi." Anakuwa ametoa na amepokelewa, na ngazi zako zimebaki salama. Akisema tena kwamba wao walilea bila makuu, mjibu kwamba na wewe makuu huyataki, ndiyo maana unatafuta kidogo kuliko vyote.

Mumeo ni rahisi zaidi kuliko unavyodhani. Mwanamume anayefungua picha za kigari kila jioni ameshaanza kuwa baba, ila mimba haimpi kitu cha kushika, kwa hiyo ameshika magurudumu. Usimzime. Mpe jaribio. Jumamosi moja mfungie begi lenye lita nne za maji kifuani, umpe sanduku lililojazwa nguo hadi kilo 14, apande kutoka chini hadi mlangoni kwenu. Kwenye simu weka sauti ya mtoto akilia, na asiruhusiwe kuizima. Akifika juu usiseme kitu, mpe maji ya kunywa.

Nami niungame kidogo. Kigari changu cha kwanza nilikichagua kwa macho. Siku moja nilitundika mifuko miwili ya sokoni kwenye mpini, nikamnyanyua mwanangu amlaki bibi yake, na kigari kikapiga mwereka nyuma palepale kwa uzito wa mifuko. Mtoto alikuwa mkononi, ndiyo bahati yangu. Tangu siku hiyo mizigo yangu hukaa kwenye kapu la chini, katikati ya magurudumu. Na jua likiwaka, usifunike kigari chote kwa khanga ili kupata kivuli. Joto linajikusanya ndani haraka na mtoto humwoni. Vuta kile kipaa chake, usogee kivulini.

Rangi mwachie mumeo. Akiitaka nyeupe, iwe nyeupe, na kitambaa atakifua yeye.