Kona ya Usukani: Ukikutana na bingwa, muulize habari za gokati

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ila kwa sasa niko Coventry, huku Uingereza. Nilienda yale maonyesho ya magari ya mbio ya Autosport pale kwenye kumbi za maonyesho za NEC Birmingham, nikapanga foleni ndeeefu kumwona bingwa mmoja wa zamani wa Formula 1 aliyekuwa anasaini picha, nilipofika mbele yake ulimi ukawa mzito, nikampa picha akasaini nikasema asante nikaondoka, basi. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na mengi ya kumwambia, maana mimi mwenyewe nimeendesha sana gokati, vile vigari vidogo vya mbio vya mtu mmoja, enzi za ujana pale Langata Road Nairobi, tulikuwa tunaenda wikendi na binamu zangu tunabishana mpaka usiku nani alimziba nani kwenye kona, hadi leo nikisikia harufu ya petroli na tairi lililopata moto naona kama niko kulekule. Sasa mwanangu ana miaka 9 na amepagawa na mambo hayohayo. Siku nikimpeleka kwenye maonyesho kama yale amwambie nini bingwa kwenye zile sekunde chache?
Baba Salim, Coventry

JIBU: Baba Salim pole, ila dawa umeitaja mwenyewe: gokati. Huyo mtu aliyekaa pale mezani tangu asubuhi keshaulizwa habari za ubingwa na kila aliyepita, keshaambiwa "wewe ni bora kuliko wote" mpaka masikio yamechoka, anachekacheka tu huku mkono unasaini. Ila mtajie gokati uone anavyoinua kichwa. Hao wa Formula 1 karibu wote wametokea huko, na wengi wao hawajawahi kutoka kabisa, yaani miili imehama roho imebaki. Michael Schumacher alikulia kwenye uwanja wa gokati wa Kerpen, Ujerumani, baba yake akiutunza na mama yake akiuza chakula palepale, na mwaka 2001, keshakuwa bingwa wa dunia mara kadhaa na mahela yake yote, akarudi Kerpen kushindana kwenye mbio za gokati na vijana ambao wengine walikuwa hawajaota hata ndevu. Max Verstappen alibeba ubingwa wa dunia wa gokati mwaka 2013, miaka miwili tu baadaye yuko Formula 1. Na ule ugomvi wa Lewis Hamilton na Nico Rosberg wa kugombea ubingwa wa Formula 1 mwaka 2016 uliotukosesha usingizi, hao walikuwa timu moja kwenye gokati tangu utotoni, kwa hiyo tuliyokuwa tunayaona kwenye tivii yalianza zamani sana.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha Ayrton Senna, yule bingwa wa Formula 1 kutoka Brazil. Mwaka 1993, Adelaide kule Australia, waandishi wakamuuliza ni dereva gani aliyefurahia zaidi kushindana naye. Kila mtu pale anasubiri jina la Alain Prost, mpinzani wake mkubwa wa Formula 1, si ndo walikuwa wanagombana miaka yote ile? Senna akamtaja Terry Fullerton. Watu wakatazamana, Fullerton ni nani tena? Ni Mwingereza aliyekuwa naye timu moja kwenye gokati miaka ya 1978 hadi 1980, bingwa wa dunia wa gokati wa 1973, na Formula 1 hakuwahi kuigusa. Senna akaeleza kwamba kule ilikuwa ni kuendesha tu, hakuna siasa wala hela katikati. Na ujue huyu Senna ubingwa wa dunia wa gokati hakuwahi kuupata, alishika nafasi ya pili mwaka 1979 na tena 1980, mataji matatu ya Formula 1 kayabeba ila lile la gokati lilimpita.

Kwa hiyo swali la Salim ni hili: "Ulipokuwa na umri wangu, nani alikuwa anakusumbua kwenye gokati?" Fupi, linajibika ndani ya sekunde 20, na jibu lake huwezi kulikuta kwenye kipeperushi cha timu. Aulize mwenyewe, wewe kaa nyuma, wazazi tuna tabia ya kumsemea mtoto halafu mtoto anabaki kama begi. Badala ya picha ya gari la Formula 1 mpeni asaini picha ya Salim mwenyewe akiwa kwenye gokati, hapo maongezi yanaanza bila kulazimisha. Kalamu iwe imeshafunguliwa kifuniko, na kama mnataka picha ya simu muombe kabla hajaanza kusaini, maana akishamaliza macho yake yako kwa mtu wa nyuma yenu. Na hizo hadithi zako za Langata Road chomekea sentensi moja tu mwishoni, usimalize foleni ya watu bwana.

Najua utaniuliza kuhusu Lewis Hamilton, kila mzazi wa dereva ananiuliza. Ndiyo, ni kweli, mwaka 1995 akiwa na miaka 10 alimfuata Ron Dennis, bosi wa McLaren, kwenye hafla ya tuzo za Autosport jijini London, akamwambia siku moja anataka kuiendeshea timu yake. Dennis akamwandikia kwenye daftari la saini ampigie baada ya miaka tisa. Hata hiyo tisa haikufika, mwaka 1998 McLaren wakamchukua kwenye mpango wao wa vijana, mwaka 2007 yuko Formula 1 na 2008 ni bingwa wa dunia. Kisa kizuri sana, ila watu wanakisimulia kana kwamba maneno ya mtoto ndo yalifungua mlango. Kaka, yule mtoto alikuwa pale ukumbini kwa sababu mwaka uleule alikuwa kabeba ubingwa wa gokati wa Uingereza wa watoto, na nyuma yake kuna baba aliyekuwa anafanya kazi zaidi ya moja ili tairi zipatikane. Saini ilikuja baada ya kombe. Kwa hiyo Salim aende kwa ajili ya furaha yake, asiende kutafuta ajira akiwa na miaka 9.

SWALI: Mkuu naomba unieleweshe, nimeendesha gokati ya kukodi hapa Dar nikaona nimeiva, jamaa mmoja akanicheka akasema hiyo siyo gokati ya mashindano. Tofauti ni nini hasa?
Kaka wa Mbezi

JIBU: Jamaa kakucheka kwa haki. Ile ya kukodi mara nyingi ina injini ya sisi (cc) 270 hivi inayotoa kama nguvu farasi 9, na ina bampa kuzunguka pande zote maana wenyewe wanajua mtagongana tu. Ya mashindano ina injini ndogo ya sisi 125 ya stroku mbili, ile ya kuchanganya mafuta na oili, ila inatoa nguvu farasi kama 30 na yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo ukikanyaga shingo inajua.

Utamu wenyewe uko kwenye ekseli ya nyuma. Gokati haina difu, ile gia inayoruhusu tairi mbili za nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, tairi mbili za nyuma zimefungwa kwenye chuma kimoja zinazunguka sawa, sasa kwenye kona tairi ya nje ina safari ndefu kuliko ya ndani, ukiziacha zote chini zinashindana na gari linagoma kukata. Dawa yake ni kuinyanyua ile ya ndani. Ukikata usukani, tairi ya mbele ya upande wa ndani inashuka kidogo inasukuma fremu, na tairi ya nyuma ya ndani inainuka, gari linazunguka kwa tairi tatu. Shokapu hakuna, springi hakuna, fremu yenyewe ndo inajipinda, na mbavu zako ndo zinapokea bili, ndo maana madereva wanavaa kinga ya mbavu chini ya ovaroli. Na kitu chote hiki kilianza mwaka 1956 kule California, fundi wa magari ya mbio aitwaye Art Ingels akafunga injini ya mashine ya kukatia nyasi kwenye fremu ya mabomba. Tangu hapo hawajarudi nyuma.

SWALI: Mimi niko Nakuru, Safari Rally ikija Naivasha huwa sikosi. Hao mabingwa wa rali nao niwaulize gokati?
Shabiki wa vumbi

JIBU: Hapo utawashangaza tu, rali ina njia zake. Sébastien Loeb, bingwa wa dunia mara tisa mfululizo kuanzia 2004 hadi 2012, alikuwa mwanamichezo wa jimnastiki. Sébastien Ogier, aliyeshinda Safari ya 2021 iliporudi kwenye ubingwa wa dunia na tena 2023, alikuwa anafundisha watu kuteleza kwenye theluji. Kalle Rovanperä, mshindi wa 2022 na 2024, baba yake alikuwa dereva wa rali na yeye akiwa na miaka 8 tu alikuwa anaendesha gari zima kwenye ziwa lililoganda kule Finland. Hawa waulize habari za barafu, au waulize lile vumbi laini la feshfeshi la Naivasha linavyoingia mpaka kwenye injini na kwa nini wanafunga lile bomba la kuvutia hewa juu kabisa, utapata jibu refu. Ila wavizie wakiwa wameshashuka na wametulia, usiwazuie wakati wanatoka kwa mafundi kurudi barabarani, maana muda ule unahesabiwa na wakichelewa kutoka wanaongezewa sekunde 10 za adhabu kwa kila dakika.